Bibi Aliyelala Juu ya Jiko

Kijiji chetu kilikuwa na barabara moja tu, iliyofuata mto. Nyumba zilikuwa za magogo, upande huu na upande ule, na madirisha yake yamechongwa nakshi kama kitambaa cha meza ya harusi. Mto ulitoka msituni, ukafika katikati ya kijiji, ukajikunja kama kiwiko cha mkono, ukaenda zake. Kwenye kiwiko palikuwa na daraja la mbao. Kila mwaka maji yalikuja yakalibeba, na kila mwaka wanaume walilijenga upya huku wakitukana. Juu ya kilima palikuwa na kanisa la matofali mekundu lisilo na msalaba, maana serikali iliwahi kuligeuza ghala la nafaka. Chini ya kilima, kisima chenye mti mrefu unaoinama na ndoo yake. Ukipita kisima, nyumba ya bibi. Na ndani ya nyumba ya bibi, jiko kubwa la matofali, linakaribia kugusa dari, na bibi mwenyewe juu yake amelala, miguu imefunikwa koti.

Haya yote ni kweli, nimehakikisha. Ila si kwetu, na yule si bibi yangu, na hilo nilikuja kulijua nikiwa na miaka ishirini na saba, siku niliyopewa barua ya kunikataa.

Nianze na karatasi, kwa sababu ndiyo iliyoyafukua yote. Nililetwa Durban kutoka Kongo nikiwa na miaka minne. Tangu hapo nilikuwa mstari mmoja kwenye dosie ya wazazi, faili lao la ukimbizi: mtoto wa kwanza, wa kike, basi. Ukishakuwa mtu mzima mstari huo haukutoshi tena. Unaitwa peke yako, unakaa mbele ya afisa, unaulizwa unatoka wapi na kwa nini hurudi huko. Mimi nilikuwa nimemaliza kusomea uuguzi. Kliniki moja ilikuwa tayari kunichukua, sare nilikuwa nimeshapima, kilichobaki ni kupeleka karatasi ya ukimbizi yenye jina langu mwenyewe. Nikiikosa, ni kurudi saluni mtaani kwetu Albert Park kusuka watu vichwa maisha yangu yote, na kila mlango ukigongwa kwa nguvu moyo unaruka. Siku ya mahojiano sikuwa na mchezo.

Wala sikuogopa, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Wenzangu walitetemeka kwenye foleni, wananong'onezana majina ya vijito na ya machifu, wanasahau, wanaulizana tena. Mimi nilikaa natabasamu kama mwanafunzi aliyemeza kitabu kizima. Wao waliletwa wadogo, hawakujua kwao. Mimi nilijua kwetu kuliko mtu yeyote Albert Park.

Nilijua kwa sababu ya Jumapili. Baba yangu alikuwa bwana shamba aliyesomea Ulaya, mwenye diploma ndani ya mfuko wa plastiki chini ya godoro, imeandikwa kwa herufi ambazo hakuna kati yetu aliyeweza kuzisoma. Ulaya kwetu ilikuwa Ulaya tu, hatukuuliza ni Ulaya ipi. Hapa Durban kazi aliyoipata ni kulinda magari kwenye parking moja Isipingo. Siku sita za wiki alivaa jile lake, kizibao cha rangi ya chungwa, akawaonyesha watu jinsi ya kurudi nyuma bila kugonga nguzo. Siku ya saba tulienda kanisani, na tukirudi alivua suti, akakunja suruali mpaka magotini, akachuchumaa kwenye sementi ya balkoni yetu ghorofa ya tisa, na kipande cha chaki mkononi.

Alichora kijiji. Mto kwanza, siku zote mto kwanza, na kile kiwiko. Kisha barabara, kisha nyumba moja moja.

"Tuanzie wapi?" alituuliza.

"Darajani, papa!"

Mimi na wadogo zangu wawili tulisimama nyuma yake tukataja. Nyumba ya mfuga nyuki. Nyumba ya mwenye mguu mmoja. Nyumba ya wale dada wawili wasiosemeshana. Ukiruka nyumba unarudi darajani kuanza upya, na mama alikuwa jikoni anakaanga samaki, harufu inatuua, lakini huli mpaka ufike kwa bibi. Ilikuwa hivyo kila Jumapili, mvua au jua.

Historia nayo alitupa. Kwamba zamani palikuwa msitu mtupu, na tajiri mmoja aliyemiliki watu kama mtu anavyomiliki ng'ombe aliwahamisha kutoka mbali, akawaambia jengeni hapa mnichemshie utomvu wa miti. Nikajua huyo ni Mbelgiji. Kwamba baadaye serikali ilikuja ikasema mashamba yote ni ya watu wote, na ng'ombe ni wa watu wote, na aliyebisha alichukuliwa hakurudi. Nikajua hiyo ni serikali yetu, maana nani asiyeijua. Kwamba ilikuja vita ikawazoa wanaume, wakabaki wanawake, wakajifunga kamba wenyewe wakavuta jembe kwa sababu farasi nao walichukuliwa. Na kwamba mbele ya kanisa kuna jiwe lenye majina ya waliokufa, na majina ni mengi kuliko nyumba. Nilililia lile jiwe, haki ya Mungu. Nikiwa na miaka tisa nilijifungia chooni nikalia kwa ajili ya babu ambao sikuwahi kuwaona.

"Papa, kwa nini nyumba ni za miti?"

"Kule milimani iko baridi, mutoto wangu."

Na kweli, kila mtu Albert Park husema kule milimani kwetu kuna baridi, na viazi vinaota, na watu wanavaa makoti asubuhi. Kila kitu kiliingiana. Ni mara moja tu nilipata wasiwasi, nikiwa msichana wa kama miaka kumi na tatu, pale saluni alipokuwa anafanya kazi mama. Nilikuwa nawasimulia wateja habari za bibi. Mama mmoja wa kutoka kwetu alinigeukia, rola kichwani, akatoa macho.

"Juu ya jiko? Bibi yako iko sufuria ama iko mutu?"

Saluni nzima ikaangua kicheko. Nikamtukana yule mama, mtu mzima, mbele ya watu. Mama yangu alinishika mkono akanitoa nje, nikajua nitachapwa. Hakunichapa. Alisema tu mambo ya nyumbani hayasimuliwi saluni, akarudi ndani kuendelea na kichwa cha mtu. Mama alijua. Alijua kila Jumapili akiwa pale kwenye kikaango chake, akanyamaza mpaka sukari ilipomuua, na mimi hilo sijamsamehe, ingawa najua marehemu hasemwi. Kulikuwa na chama cha watu wa kwetu, kinakutana kila mwezi, wanachangiana misiba na harusi. Baba hakutupeleka hata siku moja. Wale kazi yao ni bia na ugomvi, alisema. Sasa naelewa. Tungekaa nao nusu saa tu wangemwumbua.

Basi siku ya mahojiano. Afisa alikuwa mama wa makamo, mpole, miwani yake imefungwa uzi shingoni. Aliuliza kijiji kinaitwaje, nikataja jina, lile lililo kwenye dosie. Akasema, haya, nielezee. Nikamwelezea! Nilianza darajani. Nilimpitisha nyumba kwa nyumba, nikampandisha kilimani, nikamwonyesha kanisa na jiwe. Nilimweleza miti yenye ganda jeupe ambalo ukilibandua unaweza kuandikia barua. Alikuwa anaandika, mkono haupumziki, na mimi nikazidi kupata moto.

"Watu wanakula nini?"

"Viazi, na uyoga wa msituni. Na kabeji wanaichachusha kwenye pipa."

"Pipa?"

"Pipa la mbao, mama. Linakaa chini ya sakafu."

Akaandika. "Huyu bibi yako umemtaja mara tatu. Alikuwa analala wapi?"

"Juu ya jiko."

Hapo aliacha kuandika. Alivaa miwani akaniangalia vizuri, kama vile tunavyofundishwa kuangalia mgonjwa anayesema haumwi. "Juu ya jiko," alirudia.

"Ndiyo. Ndipo penye joto."

Nikatoka nje kifua mbele, nikampigia baba simu kazini. "Papa, nimewamaliza!" Nilisikia magari yanapita upande wake.

"Uliwaambia nini?"

"Yote. Toka darajani mpaka kwa bibi."

Simu ikakatika. Nikadhani ni chaji.

Barua ilikuja baada ya wiki kadhaa. Ilisema kijiji nilichokieleza hakifanani na kijiji chochote cha eneo lile. Ilisema hakifanani hata na kile alichokieleza baba yangu mwenyewe alipoingia nchini. Kwa hiyo hawakuamini kwamba natoka ninakosema natoka, na kama sikubaliani nao nina siku chache za kukata rufaa. Niliisoma nimesimama kwenye lifti, ikapanda na kushuka nami mara mbili.

Jioni baba alirudi, jile bado kaliweka begani. Nikaweka barua mezani. Aliisoma bila kukaa.

"Eish," alisema. Kisha akasema, "Ile haiko kwetu."

"Nini haiko kwetu?"

"Ile ya jiko. Mto, daraja, ile yote. Ile iko Urusi."

Nilicheka. Mtu akipigwa na butwaa anaweza kucheka, nimewaona wengine wodini. Baba alikuwa anaangalia sakafu, na maneno yalimtoka kwa haraka, kama mtu anayetaka sindano imalizike. Alisoma kilimo Urusi, miaka mitano, serikali ilimpeleka. Kila mwaka viazi vikikomaa wanafunzi walitawanywa vijijini kusaidia kuvuna. Yeye alipangiwa kijiji kile, kwa bibi mmoja mjane aliyempoteza mumewe vitani. Mwaka uliofuata akaomba arudishwe palepale. Miaka yote akarudi palepale, hata likizo. Yule bibi alimwita mwanangu. Jioni, bibi juu ya jiko na yeye chini kwenye benchi, alimsimulia habari za kijiji tangu siku ya yule tajiri, na yeye akazishika zote.

Kwa hiyo Mbelgiji wangu hakuwa Mbelgiji. Babu zangu wa kwenye jiwe walikuwa Warusi, wamekufa katika vita vya zamani vya kwao, na mimi nimewalilia chooni Albert Park! Hebu fikiria ujinga huo.

"Kwa nini hukutufundisha kwetu, papa?"

"Kwetu kumeisha."

"Kumeisha vipi?"

Akaenda bafuni akafungulia maji. Damu ilinichemka. Niligonga mlango ule, nikamwambia umeniuza, papa, umeniuza mchana kweupe, miaka ishirini unanichorea uongo na mimi naukariri kwa njaa, mimi mtoto wako ambaye nilikuwa nakuamini kuliko Biblia. Maji yaliendelea kumwagika. Nikafungasha nguo nikaenda Glenwood, kwa rafiki yangu wa chuoni aliyekuwa amepanga chumba, nikalala kwenye zulia lake mwezi mzima.

Siku ya pili baba alinitumia ujumbe. Hakuna salamu, hakuna pole. Neno moja tu, kwa zile herufi za diploma. Nikalinakili, nikalitia kwenye ramani ya simu.

Nilitaka nikute si kweli. Kama kingekuwa ni kijiji alichokitunga tu, ningeweza kusema baba yangu ana ugonjwa, nimhurumie, yaishe. Lakini kilikuwepo. Picha ya kutoka juu ilishuka taratibu, misitu, misitu, halafu mto, na mto ukajikunja. Nilikijua kile kiwiko hata jina halijatokea. Barabara moja. Kilima, na juu yake kitu chekundu cha pembe nne. Nikahesabu mapaa kutoka darajani kwenda juu, mfuga nyuki, mwenye mguu mmoja, wale dada wawili, na mapaa mengi yalikuwa yameanguka ndani na miti imeanza kuingia barabarani kutoka pande zote mbili. Nyumba ya bibi ilikuwa kuta nne na kijani katikati. Mtu mmoja alikuwa ameweka picha ya lile jiwe la majina, na maua ya plastiki chini yake. Niliangalia mpaka simu ikawa ya moto.

Halafu nikaandika jina la kwetu, la kweli. Ramani ilinipeleka milimani juu ya Ziwa Tanganyika ikasimama. Kijani kitupu. Hapakuwa na barabara wala paa. Kama ningeshushwa pale leo nisingejua nielekee wapi hata kuchota maji, lakini kule Urusi ningefika kwa bibi nimefumba macho. Nilimchukia baba usiku ule kwa chuki ambayo sikujua ninayo.

Siku ya kusikilizwa rufaa niliyoikata ilikuwa inakaribia, na bila kijiji cha kweli ningekwenda kusema nini? Wadogo zangu walizaliwa hapahapa, hawana wanachokijua. Nikameza hasira, nikapanda taxi, basi dogo la abiria, mpaka Isipingo. Nilimkuta parking, kofia kichwani, amesimama kati ya lori la mizigo na troli za duka. Nikamwambia sikuja kupatana. Nimekuja kuchukua kijiji.

"Niko kazini, mutoto."

"Na mimi nataka kazi. Sema."

Akasema. Alisema kwa vipande, katikati ya magari. Kijiji kilikuwa na nyumba kama arobaini, mteremkoni, hakuna barabara, ni vijia tu. Vijito viwili, kimoja cha kunywa, kingine cha kufulia na kulowekea mihogo.

"Woza, woza, woza, sharp, mama," alimwita kwa Kizulu mwenye gari jeupe asogee, akampa mkono wa kusimama, akanirudia. Shule ilikuwa ya udongo. Yeye aliporudi na diploma yake alilima matuta ya viazi, watu wakamcheka mwaka wa kwanza, mwaka wa pili wakaja kuomba mbegu. Nilikuwa naandika kwenye daftari langu la wodini, nimeliegemeza kwenye boneti la gari la mtu. Niliandika: vijito viwili. Niliandika: viazi. Nikauliza juu ya siku yenyewe ya kukimbia.

"Ilikuwa asubuhi ya soko. Watu wa bunduki walitoka chini. Sisi tukakimbia juu, msituni. Mama yako alikubeba wewe." Gari likaingia, akalielekeza, akarudi. "Mimi nilibeba mama yangu. Miguu ilikuwa imevimba, alikuwa hawezi kutembea. Nikamufikisha kijito ya kwanza. Akasema, nirudishe, niko nasikia baridi. Alikataa, alinipiga mgongoni na mikono yake, nirudishe. Nikamurudisha. Nikamulaza kando ya moto. Nikamufunika koti yangu ile ya Urusi. Nikamuambia nakuja sasa hivi."

"Halafu?"

"Woza, woza. Kata kulia, baba. Sharp." Alifuta uso kwa jile. "Halafu niko hapa."

Sikuandika. Nilikuwa na swali moja tu, na sijui lilitoka wapi.

"Papa, yule bibi wa Urusi, pale juu ya jiko, alikuwa anajifunika koti?"

Alifikiri kwanza. "Hapana. Yule alikuwa na blanketi."

Katika kijiji chote kile, toka darajani mpaka kisimani, kitu kimoja tu kilikuwa chetu, lile koti, na alikuwa amekitoa kando ya moto wa mama yake akakipandisha juu ya jiko la watu, mahali penye joto, pasipofika bunduki. Miaka yote ile hatukuruhusiwa kula mpaka tufike kwake.

Ningependa kusema nilimkumbatia. Sikumkumbatia. Nilimwuliza alipoingia nchini aliwaambia maafisa nini juu ya mama yake. Akainamisha kichwa. Alisema alikufa kwa homa, mwaka mmoja kabla ya vita. Aliona aibu, mtoto wa kiume wa pekee, kusema mbele ya watu wa makaratasi kwamba alimwacha. Na sasa uongo ule ulikuwa umelala kwenye dosie yake miaka ishirini na tatu.

"Ukisema vingine watafungua na yangu," aliniambia. "Watasema kama nilidanganya hapo, nilidanganya yote. Lakini sema tu. Sema ile unataka. Nimekukosea sana."

Nilimwambia tu aniletee ile diploma.

Siku ya rufaa alikuja nayo, amevaa suti ya kanisani, akaambiwa asubiri kwenye benchi la korido. Niliingia peke yangu. Afisa alikuwa mwingine, mwanamume kijana, ana mafaili mawili mbele yake, langu na la baba. Nilimwekea diploma. Nilimwekea ramani ya kijiji cha Urusi niliyoichapisha, nikamwonyesha kiwiko, kanisa, daraja, na maelezo yangu ya kwanza pembeni, yanalingana mstari kwa mstari. Nikamwambia hiki ndicho baba alichonifundisha badala ya kwetu. Alitikisa kichwa, akasema hajawahi kuona kitu kama hiki. Kisha akaniambia nieleze kwetu.

Nikaeleza. Mteremko, vijia, vijito viwili. Jamani, nilieleza vibaya! Kile cha uongo nilikisema kwa moyo wote, macho yananing'aa. Hiki cha kweli nilikisoma kama risiti, nikakwama kwenye shule, nikasahau mihogo ilikuwa kijito kipi. Nilijisikia kama mwizi. Yeye alifuata kwenye faili la baba kwa kidole, akaguna, akafungua ukurasa mwingine.

"Na bibi yako? Huyo mama wa baba yako. Alikuwa nani, na alikufaje?"

Nilijua ukurasa huo una nini. Nilikuwa na njia mbili na zote zilikuwa mbaya. Kuta za ofisi ile ni nyembamba, nilimsikia baba akikohoa koridoni. Nikafikiria sare yangu. Nikafikiria mama kizee ambaye sijui hata sura yake, anayesubiri mtu aliyesema anakuja sasa hivi.

"Aliugua homa," nilisema. "Mwaka mmoja kabla ya vita. Alikufa kitandani kwake."

Na hilo halikunikwama. Hilo nililisema vizuri sana, kama Jumapili. Kidole chake kikafika mwisho wa mstari, akatia alama. Karatasi yangu ilitoka miezi miwili baadaye, na nimeivaa sare, na watu wananiita sista. Lakini najua ilitoka pale, kwenye ile alama.

Nilitoka koridoni. Baba alisimama haraka, akashika kofia yake kwa mikono miwili kama mtu aliyeitwa na bosi.

"Walikuuliza juu ya mama?"

"Waliuliza."

"Ukasema nini?"

"Nimesema alikufa kwa homa, kitandani, na wewe ulikuwa umemshika mkono."

Hilo la mkono sikulisema mle ndani, hakuna aliyeniuliza. Nilimwongezea yeye. Baba alikaa tena kwenye benchi akaanza kulia mbele ya foleni nzima, kwa sauti, na mtoto wa mtu akamwonyesha kidole. Mimi nilisimama pale na karatasi zangu nikimwangalia, na bado nilikuwa na hasira naye, tena nyingi. Nikamvalisha kofia yake, nikamwambia twende, papa, taxi inajaa.